Sakafu ya Jikoni na Shimo la Kianjokoma

Jumapili, 2 Novemba 2025

Umeonekana leo! Wewe Karwirwa, tangu tuvune maharagwe hujashika hii kalamu. Kitabu kimelala chini ya godoro kama mtoto asiye na mama, panya wamekula pembe yake. Halafu unalalamika ati unasahau herufi. Mwalimu wa gumbaru, ile shule ya watu wazima, alikwambia nini? Andika kidogo kidogo, hata upuzi, ndio mkono usikauke. Hakuna mtu mwingine anasoma hapa. Ni wewe tu. Sasa unamkimbia nani?

Haya. Habari ni sakafu.

Jikoni kwangu kuna simiti! Zamu yangu ilifika. Sisi wanawake wa kikundi cha kanisa tunazunguka, jiko la huyu leo, la yule kesho. Mmoja anakuja na ndoo ya mchanga, mwingine na maji, mwingine na mdomo tu — Alice hajawahi kubeba kitu ila wimbo. Asubuhi palikuwa na vumbi na viroboto. Jioni, sakafu. Leo nimefagia mpaka uchafu ukaisha, nikaendelea kufagia.

Simiti inaletwa na Regina, jirani yangu, mwenyekiti wetu. Anaipata kwa bei ya huruma kupitia kijana wake Bundi, mtu wa stoo kule kwa shimo. Mabaki, anasema. Redio inasema handaki, sisi tunasema shimo. Wametoboa kilima chetu hapa juu ya Kianjokoma ndio maji ya mto yapite ndani kwa ndani, yateremke mpaka Siakago kwa wenye kiu.

Gachoki alirudi kutoka kazini huko akaingia na mabuti ya matope. Kwa sakafu yangu! Huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa pili wa Igoki, binti yangu aliyeolewa Siakago. Amebeba jina la marehemu mume wangu, kwa hivyo ni mume wangu, na namgombeza kama mume.

— Mzee wangu! Toa hayo mabuti kabla sijakutoa miguu!

— Ati siku hizi mwanaume anavua viatu kwa jiko? Umekuwa Mzungu, shosho.

Lakini alivua. Na hakucheka vile anachekaga. Kuna kitu.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Kahawa inafurahi, magoti yangu hapana.

Gachoki hakula. Mukimo na mchuzi, anachokora kama kuku mgonjwa. Nikamwambia, kama ni mwanamke sema, kama ni tumbo sema, lakini chakula changu usikiangalie hivyo.

Ni ufa.

Ndani ya shimo, juu kabisa kwa utosi, konkriti imepasuka. Ufa umelala kufuata urefu wa shimo, na kila wiki unanyoosha mguu. Nikamuuliza: mlima umesimama tangu Mungu auweke, leo unataka kushikwa na nani? Akasema ulisimama kwa sababu hakuna mtu alikuwa ameutoboa tumbo.

Alinieleza polepole, na mimi nikamkatiza mara nyingi. Ukitoboa mwamba, unalegea, unataka kujifunga tena. Kwa hivyo ndani wanajenga pete ya konkriti, ikumbatie mwamba pande zote. Pete ikikumbatia vizuri, mlima unaweza kusukuma utakavyo. Lakini konkriti mbichi inashuka kidogo ikikauka, na kule utosini panabaki nafasi kati yake na mwamba. Ndio wanaacha vibomba, halafu wanasukuma kwa pampu simiti nyepesi kama uji, ipande ijaze. Isipojazwa? Mbavu za pete zinabanwa na utosi hauna cha kuegemea. Unapinda. Unapasuka. Tena mawe yaliyolegea huko juu yanauangukia, badala ya kulala juu yake kwa heshima.

Hiyo nikaielewa na mgongo wangu. Kuni zikikazwa vizuri na ukanda kwa paji la uso, unapanda nazo mpaka nyumbani ukipiga hadithi. Ukanda ukilegea, kuni zile zile zinakugonga kila hatua mpaka zikuangushe. Na hakuna mtu ameongeza hata kijiti.

— Hapo hapo, shosho, akasema. Wewe ungekuwa injinia.

— Nisingekuwa. Sipendi giza.

Amegonga kwa nyundo. Kwingine panajibu kama jiwe. Chini ya huo ufa panajibu kama mtungi mtupu. Aliwaambia wakubwa. Mkubwa wa kampuni alisema ni ufa wa kukauka tu, kama matope ya ukuta, wapake simiti juu. Stoo imeandika kwamba simiti ya kujazia yote iliingia, kwa hivyo juu pamejaa. Kwa sasa wamesimamisha nguzo za chuma chini yake. Ijumaa ya wiki ijayo nguzo zinatolewa ndio maji yafunguliwe.

Nani anazitoa? Kikundi cha Gachoki.

Nikasema usiende. Akasema, nisipoenda kazini nitakula nini, sakafu yako?

Jumamosi, 8 Novemba

Wacha nianze na mwanzo.

Asubuhi Igoki alipiga simu kutoka Siakago. Kisima cha jirani kimekauka. Punda wake mmoja ameumia mguu na wa pili amekasirika. Tayari ametandika mpira wa maji mpaka mlangoni, anangoja tu tone. Ati nimwambie Gachoki waharakishe hilo shimo. Nikasema sawa. Ningesema nini? Mtoto wako yuko chini ya ufa, harakisha?

Halafu tukaenda kwa Alice, zamu yake. Furaha, kelele, matope. Simiti ya Regina imekuja kwa magunia ya sukari kama kawaida. Tunajua tabia yake: hii ukichelewa kidogo imekauka na mwiko wako ndani. Tunakimbizana nayo, mmoja anamwaga, mmoja analainisha, Alice anaimba haraka. Tumekuwa tukijisifu — simiti kali hiyo, si kama ya dukani!

Gachoki alipita kunichukua. Akasimama mlangoni. Akainama, akachukua kidogo kwa vidole, akasugua. Akangoja. Ikamgandia vidoleni tukimwangalia.

— Hii inatoka wapi?

Regina akacheka. Kijana, Mungu akikupa, unamuuliza gunia?

Gachoki akauliza ni majiko mangapi yametiwa. Wajinga sisi, tukaanza kumhesabia kwa fahari! Kwa Regina, kwa mke wa katekista, kwangu, kwa yule mjane wa bondeni, na ngazi ya madhabahu pia usisahau, na birika la ng'ombe la nani. Kila jina tukipiga makofi. Gachoki akakaa chini kwa rundo la mchanga. Nilidhani ameshikwa na kizunguzungu.

Njiani aliniambia. Simiti ya duka haigandi hivyo. Hiyo imetiwa dawa, ni laini kama unga wa mtoto, na kazi yake ni moja tu duniani: kujaza ile nafasi ya utosini.

Tumekanyaga paa la Gachoki. Tumelipiga deki na kuliimbia.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani. Wakati wa kupiga magoti mbele sikuenda. Ile ngazi ya simiti yetu. Pasta atadhani nimelewa. Aone.

Regina alinishika mkono tukitoka, akauliza kama naumwa. Mkono wake una joto, ni mkono ulionizalisha Igoki. Nikasema ni magoti.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeenda kwa Regina. Sikubisha hodi, sijawahi.

Nilisema yote bila kuzungusha. Alikuwa akichambua mchele. Akaendelea kuchambua mpaka nikanyamaza, halafu akasukuma ungo.

— Unataka mtoto wangu afungwe.

— Nataka wangu asizikwe.

— Usiseme hivyo kwa nyumba yangu!

— Nisemee wapi? Kwa sakafu gani, Regina? Nionyeshe moja ambayo haikutoka huko!

Tulipigiana kelele mpaka mbwa akatoka. Halafu tukalia, halafu akanipa chai, na chai yenyewe ilikuwa na sukari nyingi vile napenda, na hiyo ilinikasirisha zaidi.

Bundi akafika. Kijana mnene mzuri, nilimbeba mgongoni Regina akiwa hospitali. Alisimama kwa mlango akatuangalia, akajua. Hakukana, namshukuru kwa hilo. Alisema hakuiba ile ya kutumika. Pampu iliharibika. Walingoja spea, spea haikuja. Simiti hiyo ikikaa na unyevu inakuwa mawe ndani ya gunia. Mkubwa wa kampuni alimwambia andika imetumika, shimo lisonge mbele, na mabaki utajua mwenyewe. Basi akajua mwenyewe. Aliona heri iwe sakafu za mama zake kuliko iwe mawe kwa stoo.

— Shosho, niliiokoa, akasema.

Na unajua nini, Karwirwa? Anaamini. Alikuwa akituletea zawadi.

Nikamuuliza, basi kwa nini hukumwambia Gachoki juu ni patupu? Akaangalia viatu. Akasema alidhani mlima hautajua.

Jioni nikamkalia Gachoki. Nikamwambia, nenda kwa yule injinia msichana wa huko kwa shimo, mwambie simiti iko kwa majiko. Akatikisa kichwa. Nikapandisha sauti. Akatikisa tena. Ni kwa sababu gani? Ati yeye na Bundi walitahiriwa Desemba moja, wakapona kwa kibanda kimoja, mmoja akiamsha mwenzake kwa maji. Mtu wa kibanda chako humpeleki kwa polisi. Hata babu yake asingeweza.

— Babu yako alikuwa mkaidi na alikufa kitandani kwake, nikamwambia. Wewe unataka kufa wapi?

— Nimemwambia Bundi ajipeleke mwenyewe. Nimempa mpaka Alhamisi.

— Na asipojipeleka?

— Nitaingia, nitaweka macho juu.

Macho juu! Macho yatashika mwamba?

Alhamisi, 13 Novemba

Bundi hakujipeleka. Nilimwona akipita na pikipiki, kofia imefunika uso.

Nimegonga kuta zangu zote leo na mchi. Zote zinalia kitupu, ni za udongo na fito, zitalia aje? Nilijitisha bure. Kuku wamehama.

Nimekaa nikifikiria kibanda cha wanaume. Wanapeana siri kule, sawa. Wanapeana adabu, sawa. Mimi sikuwa ndani. Hakuna mtu aliniapisha kitu. Mimi nilikuwa nje nikipika uji wao, wote wawili, sufuria moja. Huo uji hauna kiapo.

Lakini Regina. Nikifungua mdomo sina Regina tena. Na Igoki na punda wake watangoja mwaka mwingine, na atajua ni mama yake aliyefunga maji. Wanawake wote wa kikundi watasema Karwirwa alingoja zamu yake ipite ndio akapata dhamira. Watakuwa na haki. Zamu yangu ilipita kweli.

Nimeoka nduma. Hakuna aliyezila. Gachoki amepiga mabuti yake rangi — ati rangi! — akalala.

Hata mimi nitajaribu kulala. Lakini sururu nimeiweka mlangoni.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi Gachoki alitoka kabla sijawasha moto. Alikunja blanketi. Huyu hajawahi kukunja blanketi! Nikaelewa ananiaga.

Nikachukua sururu nikapiga sakafu. Hapo kando ya mafiga, mahali palitoka laini kuliko pote. Ilikataa. Simiti nzuri, Mungu wangu, nzuri sana! Nikapiga na hasira, nikapiga na jina la marehemu, ikatoka kipande kama sahani. Nikakitia kwa kiondo na kitabu hiki juu yake, ukanda kwa paji la uso, nikapanda.

Kwa lango askari akaniuliza ninauza nini. Nikamwambia ninauza sakafu. Akacheka. Nikakaa katikati ya barabara ya malori. Akaacha kucheka.

Lori la kwanza likapiga honi. Dereva akatoa kichwa: mama, unataka kugongwa? Nikamwambia mimi ni shosho yako, pitia juu ukitaka, lakini leta shahidi. Lori la pili likasimama nyuma yake. Ndio wakamwita Injinia Kendi.

Nampenda huyu msichana. Ni wa Muthara, kwetu nilikozaliwa kabla niletwe Embu, na anaongea Kimeru changu bila kukivunja. Kofia imemkalia upande, macho hayajalala. Alichuchumaa mbele yangu kwa matope, hakuniita wazimu. Nikampa kipande. Akakigeuza, akakwaruza na ufunguo, akakigonga kwa jiwe. Uso ukamtoka rangi.

— Shosho, hii imetoka wapi?

— Jikoni kwangu. Iko kwa Alice pia, kwa mjane, kwa madhabahu. Iko kila mahali isipokuwa juu ya ufa wenu.

Akasema amekuwa akiomba ruhusa ya kutoboa utosi aangalie, tangu ufa uanze. Kila mara anajibiwa pamejaa, stoo imeandika. Hana kitu cha kuwaonyesha. Sasa anacho. Lakini atahitaji jina. Bila jina watasema ni mwanamke mzee na jiwe lake.

Askari alikuwa akisikiliza. Madereva pia.

Nikasema: Bundi, mwana wa Regina, wa stoo. Na mkubwa wake aliyemwambia aandike imetumika. Andika wote wawili, nikamwambia, usiandike mdogo peke yake! Ukiandika mdogo peke yake nitarudi kukaa hapa mpaka nioze.

Akakimbia. Msichana na mabuti makubwa, anakimbia na sakafu yangu chini ya kwapa. Kikundi cha Gachoki kimeshaingia tangu alfajiri, akasema akienda, na nguzo ya kwanza huenda imeshalegezwa.

Sasa nimekaa kwa ukingo wa mtaro mkabala na lango. Naandika kwa sababu mikono isipofanya kitu nitamng'oa askari masikio. Mdomo wa shimo nauona kutoka hapa. Kipenga hakijalia. Gachoki ananiambiaga wakitolewa wote kipenga kinalia mrefu.

Regina amekuja. Nilimwona kutoka mbali akipanda na leso kichwani, bila viatu, Regina ambaye haendi hata chooni bila viatu. Nikajiandaa nitukanwe. Nilikuwa nimechagua na maneno ya kurudisha.

Hakunitukana. Amekaa kando yangu, pumzi imekatika. Halafu:

— Bundi hayuko stoo.

— Yuko wapi?

— Ameingia. Aliamka asubuhi akasema Gachoki hawezi kuwa huko peke yake. Akavaa kofia, akaingia nao kutoa nguzo. Mtu wa stoo! Anajua nini na nguzo?

Sikuweza kumwangalia. Hajaniuliza kwa nini malori yamesimama. Hajaniuliza kwa nini nina matope mpaka kiunoni, wala kwa nini askari anatuangalia hivyo. Ama anajua. Amenishika mkono na mimi nimeuacha ushikwe, na huu wa pili ndio unaandika, vibaya, kwa goti.

Sijamwambia nimemtaja Bundi.

Mtu ametoka mdomoni mwa shimo. Mmoja. Yuko mbali na mvua imeanza, sioni ni nani. Anainama, mikono kwa magoti. Regina amesimama.

Nafunga. Sikiliza, Karwirwa: ukifungua hiki kitabu tena, usianze na mvua, usianze na magoti, usianze na kujigombeza. Andika kwanza ni nani ametoka. Andika wote kwa majina, na Bundi mwandike kabla ya Gachoki. Halafu ndio uandike kama Regina bado ameushika mkono wako.